Igizo la Noeli na Mgawanyo wa Lugha: Upangaji wa Onyesho la Kanisani katika Mazingira ya Basotu, Hanang

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili kwa muda mrefu umeelemea upande wa kazi zilizochapishwa. Kazi za Ebrahim Hussein, Penina Muhando na wenzao zimesomwa, zimefundishwa na kujadiliwa kwa kina, ilhali michezo inayotungwa, kufanyiwa mazoezi na kuonyeshwa makanisani bila kupigwa chapa imetajwa kwa nadra. Hata hivyo, kwa watoto wengi wa vijijini igizo la Noeli ndilo onyesho la kwanza lenye muswada, wahusika, maleba na hadhira ambalo hupata kulishiriki. Sanaa inayowafikia watu kwa kiasi hicho haifai kuachwa nje ya uwanja wa taaluma kwa sababu tu haina jalada.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi igizo la aina hiyo linavyopangwa, kwa kuzingatia mazingira ya Basotu katika Wilaya ya Hanang. Hoja yake ya msingi ni kwamba, mahali penye lugha nyingi, kupanga igizo la Noeli ni kupanga lugha. Anayegawa nafasi za wahusika hugawa pia hadhi ya lugha za hadhira yake: ipi ya malaika, ipi ya mfalme, ipi ya wachungaji na ipi isiyosikika kabisa. Mgawanyo huo hufanyika hata pale ambapo waandaaji hawaukusudii, na kwa sababu hiyo ni bora ukafanyika kwa kujua. Mjadala utaanza na mazingira ya Basotu, kisha utagusia asili ya igizo lenyewe, na hatimaye utafuata hatua za upangaji moja baada ya nyingine.

2.0 Basotu na Mazingira Yake ya Lugha

Basotu ni kata iliyo kando ya ziwa lenye jina hilohilo, katika nyanda zenye kreta za volkano magharibi ya Mlima Hanang, ambao kimo chake kinazidi mita 3,400. Wilaya ya Hanang ilimegwa kutoka Mbulu, na tangu mwaka 2002 wilaya hizo zote zimo katika Mkoa wa Manyara, uliotokana na Mkoa wa Arusha.

Kwa mwanaisimu, eneo hili lina sifa ya pekee. Katika Bonde la Ufa la Tanzania zinakutana lugha za asili nne tofauti: Kidatooga, ambacho ni cha Kiniloti na ambacho Wabarabaig ni mojawapo ya makundi ya wasemaji wake, Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi, Kinyaturu na Kinyiramba, ambazo ni za Kibantu, na, si mbali, Kihadza na Kisandawe zenye sauti za vidoko. Kiswahili, kwa hiyo, hakikuingia Hanang kikiwa ndugu wa lugha zote kama ilivyokuwa katika sehemu nyingine za Tanzania. Kwa mtoto wa Kidatooga au wa Kiiraqw, ngeli za nomino na upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili ni mfumo mpya kabisa.

Lugha hizi hazikai pamoja kwa usawa. Katika karne ya 20 Wairaqw walienea kutoka nyanda za juu za Mbulu hadi katika nchi iliyokuwa ya malisho ya Wadatooga, na Wadatooga wengi wakajifunza Kiiraqw. Baadaye Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), kwa msaada wa Kanada, lilianzisha mashamba ya ngano ambayo hatimaye yalichukua takriban ekari 100,000 za ardhi ya malisho, Basotu ikiwa mojawapo ya vituo vyake vya mwanzo. Mgogoro wa kijiji cha Mulbadaw na shirika hilo ulifika Mahakama ya Rufani, iliyotoa uamuzi wake mwaka 1985 kwa upande wa shirika. Charles Lane ameieleza historia hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu Wabarabaig na malisho yaliyopotea. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya shamba, ya ofisi na ya mahakama. Mzee wa Kibarabaig aliyekutana nacho mara ya kwanza aghalabu alikutana nacho katika amri.

Fauka ya hayo, Wadatooga wamekuwa wakiitwa Wamang'ati, jina lenye asili ya Kimaasai linalomaanisha maadui. Mwandishi wa muswada wa Noeli anayeliandika jina hilo katika mazungumzo ya wahusika wake, hata kwa mzaha usiokusudia ubaya, amekwisha kuwaambia baadhi ya wasikilizaji wake kwamba habari njema haikuwahusu.

3.0 Asili ya Igizo la Noeli

Igizo la Noeli si nakala ya Injili. Luka ana sensa, safari, hori na wachungaji. Mathayo ana nyota, mamajusi, Herode na kukimbilia Misri. Kuviweka vyote katika onyesho moja ni kazi ya utunzi. Mwenye nyumba ya wageni anayewafukuza Yosefu na Maria hatajwi na mwinjili yeyote. Idadi ya mamajusi haitajwi pia, bali watatu wametokana na zawadi tatu. Ng'ombe na punda hawamo katika masimulizi ya Luka wala ya Mathayo. Hao wote wamezaliwa na mapokeo na jukwaa.

Katika historia ya Ulaya hutajwa sana mwaka 1223, ambapo Fransisko wa Asizi aliandaa hori lenye majani makavu, ng'ombe na punda hai katika kijiji cha Greccio, Italia, ili wanakijiji waone kwa macho yao umaskini wa kuzaliwa kwa Kristo. Hadi karne ya 15 miji ya Uingereza ilikuwa na misururu ya michezo ya Biblia iliyoonyeshwa kwa lugha ya wenyeji wakati liturujia ikiendelea kwa Kilatini. Mmojawapo, mchezo wa pili wa wachungaji wa Wakefield, unawaonyesha wachungaji wakilalamikia baridi, kodi na uonevu wa wakubwa, kisha wakiibiwa kondoo ambaye mwizi anamficha katika kitanda cha mtoto. Ni baada ya hayo tu ndipo malaika anapotokea. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba mtunzi yule hakuwachukua wachungaji kutoka Palestina, bali katika malisho ya jirani, na wakasema kama watu wa huko. Hata hivyo, kisa chake hakiwezi kuhamishwa kikiwa kizima. Mahali ambapo wafugaji wamezoea kushukiwa wizi wa mifugo, kichekesho cha mchungaji mwizi hakitasikika kama kichekesho, bali kama tuhuma.

Nchini Tanzania igizo hili lilikuta sanaa nyingine zikiwa hai. Kwaya ya Kiswahili, ambayo Gregory Barz ameichunguza miongoni mwa Walutheri katika kitabu chake cha mwaka 2003, ndiyo nguzo ya muziki wa onyesho. Ngonjera, zilizoenezwa na Mathias Mnyampala katika miaka ya 1960, ziliwafundisha watoto wa shule kujibizana kwa beti mbele ya hadhira. Mnyampala huyohuyo alikwisha kuonyesha, kwa Utenzi wa Enjili Takatifu (1963), kwamba masimulizi ya Injili yanaweza kubebwa na bahari ya ushairi wa Kiswahili. Upande wa Wairaqw kuna slufay, sala ya kishairi ambayo mzee huitamka kwa kauli za baraka na wasikilizaji huitika kwa pamoja. Sanaa yenye kiongozi na kiitikio tayari ina umbo la kidrama, na mpangaji wa igizo hana sababu ya kuanza kana kwamba hakuna aliyepata kuigiza Hanang kabla ya kuja kwake.

4.0 Hatua za Upangaji

Penina Mlama, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo, anaeleza hatua za sanaa ya maonyesho kwa ajili ya maendeleo iliyojaribiwa Malya, Mwanza, na kwingineko: kuchunguza hali ya jamii, kuichambua pamoja na wanajamii, kutunga, kuonyesha, na kujadili baada ya onyesho. Hatua hizo zinafaa pia kwa igizo la Noeli, ingawa lengo lake ni ibada. Tofauti kubwa ni kwamba hapa kisa kinajulikana tangu mwanzo. Kinachohitaji kuchunguzwa ni namna kisa hicho kitakavyosikika.

4.1 Kalenda na Watu

Kipindi cha Majilio kina Jumapili nne, na waandaaji wengi huanza mazoezi kipindi hicho kinapoanza. Kwa Hanang muda huo ni mfupi kuliko unavyoonekana. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, mashamba hulimwa, na watoto, ambao shule zao hufungwa mapema Desemba, huhitajika shambani na machungani. Mtoto anayechunga hawezi kufika kwenye mazoezi ya saa tisa alasiri. Anaweza kufika jioni mifugo ikisharudi zizini. Saa ya mazoezi, basi, huamua ni watoto wa nani watakaoigiza. Ikipangwa kwa kufuata ratiba ya watoto wanaokaa karibu na kanisa, wahusika wote watatoka katika nyumba za watumishi, walimu na wafanyabiashara, na igizo la wachungaji litakosa mchungaji.

Yafaa, kwa hiyo, muswada uwe tayari mwishoni mwa Oktoba. Wahitimu wa darasa la saba, ambao mtihani wao huwa Septemba, wanaweza kupewa nafasi zenye maneno mengi na pia kuwafundisha wadogo. Wasiojua kusoma wafundishwe kwa kusikia na kurudia. Mtoto aliyekulia katika hadithi na nyimbo aghalabu hukariri upesi kuliko anayetegemea karatasi, na kuwepo kwake hulizuia onyesho lisiwe mtihani wa kusoma kwa sauti.

4.2 Majina na Msamiati

Kabla ya sentensi ya kwanza kuandikwa, majina hudai uamuzi. Biblia ya Union ya mwaka 1952, inayotumiwa sana na Waprotestanti, ina Yusufu na Mariamu. Wakatoliki husema Yosefu na Maria. Wakatoliki husema zaidi Noeli. Walutheri husema zaidi Krismasi. Pale ambapo waumini wa Jimbo Katoliki la Mbulu na wa Dayosisi ya Mbulu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania wanahudhuria maonyesho ya wenzao, kama majirani wafanyavyo, jina moja hutosha kumjulisha mgeni yupo nyumbani kwa nani. Si lazima tofauti hiyo ifutwe, ila mtunzi asichanganye mapokeo hayo katika muswada mmoja bila kujua.

Msamiati una mitego mikubwa zaidi. Neno hori lilitoka pwani, ambako hutumika pia kwa mkono wa bahari na kwa aina ya mtumbwi. Mtoto wa Basotu hulikariri kila mwaka bila kuliona. Akionyeshwa chombo anamolishia ndama, neno linapata mwili. Kadhalika maneno nyumba ya wageni leo yameandikwa kwenye vibao vya biashara, na hadhira huyasikia kwa maana ya gesti ya kulipia. Neno la Kiyunani alilolitumia Luka, kataluma, lina maana pana zaidi, na yeye mwenyewe analitumia tena kwa chumba alimokula Yesu karamu ya mwisho. Wataalamu kadhaa wa Biblia hulielewa kuwa ni chumba cha wageni katika nyumba ya familia, na nyumba ya mkulima wa Palestina mara nyingi ilikuwa na sehemu ya mifugo chini ya paa hilohilo.

Fasiri hiyo, ambayo kwa msomaji wa mjini huhitaji michoro, Hanang haihitaji maelezo. Katika nyumba ya jadi ya Wairaqw ng'ombe hulala ndani pamoja na watu. Kuzaliwa karibu na mifugo si fedheha. Ni kuzaliwa nyumbani. Igizo linalomwonyesha msimulizi akisikitika kwamba mtoto amelazwa mahali pa ng'ombe linawaambia wenyeji kwamba nyumba za babu zao zilikuwa aibu. Unyonge wa tukio lile utafutwe kwingine: katika safari ya lazima ya mama mja mzito, na katika nyumba iliyojaa hadi mgeni akakosa chumba.

Aidha, mila za Wairaqw na za Wadatooga ziliweka kipindi cha kutengwa kwa mama aliyejifungua. Wanaume wageni kuingia usiku uleule alipo mzazi ni jambo linalowashtua wazee wa hadhira, na huenda mtunzi kijana asilijue. Lakini hapa mila inaupa mchezo nafasi ambayo maandiko hayaikatazi. Mwanamke mzee, mkunga, anaweza kusimama mlangoni na kuwauliza wachungaji wamefuata nini. Wao watalazimika kueleza waliyoambiwa, naye ndiye atakayewapa ruhusa. Mwanamke aliyekuwa hana sauti katika muswada wa kawaida anakuwa wa kwanza kuipima habari na kuikubali.

4.3 Neno Mchungaji

Kiswahili cha kanisa kina utata mzuri ambao lugha nyingi za Ulaya zimeupoteza katika matumizi ya kila siku. Mchungaji ni mtoto aliyesimama na fimbo nyuma ya mbuzi. Mchungaji pia ni kiongozi wa usharika aliyekaa kiti cha mbele. Msimulizi anapotangaza kwamba wachungaji walikuwa wa kwanza kupata habari, nusu ya hadhira hutazama jukwaani na nusu hutazama kiti cha mbele. Mtunzi mzuri hatafuti kisawe cha kuuondoa utata huo. Anauacha ufanye kazi, kwa kuwa unawakumbusha wenye cheo kwamba jina lao wameliazima kwa wenye fimbo.

Ni kwa sababu hiyo hasa kwamba uigizaji wa wachungaji kama wajinga ni kosa la kifani na la kimaudhui pia. Desturi ya vichekesho imezoea kumfanya mfugaji kuwa mtu wa kuchekesha kwa lafudhi yake: anakosea ngeli, anashangaa taa, anaogopa gari. Kicheko hupatikana kwa urahisi, na waandaaji hukihesabu kuwa ni mafanikio. Lakini muundo wa kisa unamweka mfugaji huyo kuwa shahidi wa kwanza. Hadhira iliyofundishwa kumcheka kwa dakika kumi haiwezi kuagizwa kumwamini katika dakika ya kumi na moja.

4.4 Nani Aseme kwa Lugha Ipi

Muswada wa kawaida hutumia Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Huo nao ni uamuzi wa lugha. Njia nyingine ni kuacha kisa chenyewe kiamue. Luka anaanza na sensa, na sensa ina lugha yake. Hadhira ya Tanzania imepitia sensa nyingi, za karibuni zikiwa za mwaka 2012 na 2022, na inaijua rejista ya dodoso. Onyesho la karani wa Augusto linaweza kutungwa hivi:

KARANI: Jina la mkuu wa kaya?
YOSEFU: Yosefu.
KARANI: Kaya ina watu wangapi?
YOSEFU: Wawili. Ila kabla hamjafunga daftari tutakuwa watatu.
KARANI: Andika wawili. Asiyezaliwa hahesabiwi.

Mistari hii mitano inafanya kazi ambayo hotuba ndefu ya msimulizi haiwezi kuifanya. Kiswahili hapa kiko mahali pake halisi, ofisini, na mtoto atakayezaliwa anaingia kisani kama mtu asiyemo katika hesabu. Hadhira yenye historia ya Basotu italielewa neno hahesabiwi bila kuelezwa.

Baada ya hapo onyesho linahamia malishoni, na hapa ndipo uamuzi mkuu ulipo. Wachungaji watatu wakiota moto usiku, mmoja Mdatooga, mmoja Mwiraqw na mmoja kijana aliyesoma, watazungumza jinsi watu wa Basotu wanavyozungumza: kwa kuchanganya lugha, kila mmoja akimsikia mwenzake. Malaika anapotokea, swali haliwezi kuepukwa: atasema lugha gani? Akisema Kiswahili cha Biblia, anajiunga na karani na hakimu. Wachungaji wanakuwa wasikilizaji wa tangazo. Lakini kisa kinasema kwamba wachungaji walielewa, wakaondoka kwa haraka. Mantiki ya kisa inamtaka malaika aseme lugha ya wanaoambiwa. Aseme, basi, kwa Kidatooga kwanza. Mchungaji wa pili aulize kwa Kiiraqw kumesemwa nini, ajibiwe, na kijana atamke kwa Kiswahili ili kanisa zima lisikie. Ujumbe hautapotea kwa yeyote; utakuwa umebadilisha njia tu. Makanisa ya eneo hili yamezoea mkalimani anayesimama kando ya mhubiri, akitoa Kiswahili kwenda katika lugha ya wenyeji. Igizo linageuza mwelekeo wa ukalimani: kwa mara moja katika mwaka, wenye Kiswahili ndio wanaongoja kutafsiriwa.

Kwaya ya malaika inayofuata inaweza kuchukua umbo la kiongozi na waitikiaji. Iwapo waandaaji wanataka kukaribia slufay, hawana budi kuwashirikisha wazee wanaoijua, kwa sababu slufay ni sala yenye masharti yake wala si pambo. Iwapo wazee au viongozi wa kanisa hawaafiki, kibwagizo cha kawaida cha kwaya kinatosha.

Tahadhari moja ni ya lazima. Iwapo Kidatooga na Kiiraqw zitasikika malishoni tu, hadhira itaondoka ikiamini kwamba hizo ni lugha za zizini na kwamba nyumba ya mfalme haizijui. Kanuni inayopendekezwa hapa ni kuwa lugha yoyote isifungwe katika tabaka moja la wahusika. Elisabeti na Maria wasalimiane kwa Kiiraqw. Mmoja wa mamajusi, mwenye elimu ya nyota, aseme Kidatooga. Herode abadilishe lugha kwa kadiri ya anayetaka kumdanganya. Malaika aliyesema Kidatooga malishoni aseme Kiswahili katika ndoto ya Yosefu. Kwa utaratibu huo lugha zote zinabeba wema na ubaya, hekima na ujinga, kama zinavyofanya nje ya jukwaa.

4.5 Sehemu ya Kilio

Waandaaji wengi huliondoa tukio la kuuawa kwa watoto wa Betlehemu, kwa kuwa linaharibu furaha ya sikukuu. Sababu hiyo ina uzito, hasa kwa waigizaji wadogo. Hata hivyo, Noeli haiji kila mara mahali penye furaha. Tarehe 3 Desemba 2023, siku ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliikumba Katesh, makao makuu ya wilaya, pamoja na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Katika Noeli ya namna hiyo onyesho lisilo na nafasi ya kilio halisemi na watu waliohudhuria.

Kilio nacho kina lugha yake. Watu wanaofanya biashara, shule na kesi kwa Kiswahili huomboleza kwa lugha ya mama. Si lazima mauaji yaigizwe: mwanamke mmoja akisimama peke yake na kuimba ombolezo la kwao, bila tafsiri, anatosha. Hapo ukalimani usitumike kabisa. Asiyeijua lugha ataielewa sauti.

5.0 Hoja za Upinzani

Mpango huu unaweza kupingwa kwa hoja tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya umoja. Kiswahili kiliwaunganisha Watanzania, na baada ya sensa ya mwaka 1967 hata swali la kabila liliondolewa. Kwa nini kanisa lirudishe lugha za makabila jukwaani? Hoja hii ni nzito, lakini inachanganya umoja na ukimya. Katika mpango ulioelezwa, Kiswahili ndicho kinachowafikishia wote habari. Kinachobadilika ni kwamba kinaipokea kutoka kwa lugha nyingine badala ya kuizima.

Hoja ya pili ni ya wazazi. Mzazi aliyeuza mbuzi ili mtoto asome hufurahi kumsikia akitamka Kiswahili fasaha mbele ya kanisa, na anaweza kuona kwamba kumpa nafasi ya Kidatooga ni kumrudisha alikotoka. Jibu la hoja hii halipatikani kwa hotuba, bali kwa mgawanyo wa nafasi. Mtoto yuleyule apewe maneno katika lugha mbili, na nafasi ya kijana mkalimani ipewe hadhi ya mhusika mkuu. Mzazi ataona kwamba elimu ya mwanawe ni daraja na kwamba daraja lina ncha mbili.

Hoja ya tatu ni ya kiutendaji. Mwinjilisti au katekista aliyetoka mkoa mwingine hawezi kukagua maneno asiyoyaelewa. Ni kweli, na ndiyo maana mazoezi yawe na wasikilizaji wazee wa kila lugha, wakiwamo wasio waumini, ambao kazi yao ni kusema lipi linakwaza na lipi linachekesha bila kukusudiwa. Hiyo ndiyo hatua ya uchambuzi anayoieleza Mlama, na mjadala mfupi wakati wa chakula baada ya ibada ndio utakaoeleza muswada wa mwaka unaofuata urekebishwe wapi.

6.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba upangaji wa igizo la Noeli ni kazi ya utunzi na ya isimujamii kwa pamoja. Saa ya mazoezi huchagua waigizaji. Majina hutangaza madhehebu. Neno hori hupoteza au hupata maana kwa kutegemea chombo kinachoonyeshwa. Na mgawanyo wa lugha huwaambia wasikilizaji ni nani anayehesabiwa. Kwa Basotu, ambako Kiswahili kimetumika kutoa amri na kuhukumu kwa muda mrefu kuliko kilivyotumika kusikiliza, suala hili halihusu madoido ya jukwaa tu.

Wanafunzi wa tamthilia wanaotafuta uwanja wa utafiti wanaweza kuanza na miswada ya daftari inayohifadhiwa na walimu wa kwaya na wa shule za Jumapili, na kuilinganisha na yale yaliyotamkwa kweli jukwaani. Mtoto aliyesahau mstari wake wa Kiswahili akaumalizia kwa lugha ya nyumbani, na kanisa likamwelewa, amekwisha kuonyesha njia ambayo miswada mingi bado haijaifuata.